Nani Amechinja?

Wamaza, Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa, karibu alasiri, haijakata. Kambi nzima inanuka matope na moshi wa kuni mbichi. Bwana Ndevu, muzungu wangu mwindaji, amesema leo hakuna kuwinda, basi nimekaa barazani kwa shemeji yangu Ramazani. Sina raha hata kidogo.

Ninaandika kwa herufi za chuoni, zile za Korani, alizonifundisha marehemu baba. Makarani wa hapa wote wametoka shule ya mapadri, hakuna hata mmoja anayeweza kuzisoma. Kwa hiyo hapa naweza kusema kweli, hata kama ni hapa peke yake.

Nina kazi.

Niandike tena, maana tangu kiangazi nilikuwa natamani kuandika neno hilo. Nina kazi, nina posho ya unga na chumvi, nina muzungu ambaye mtu akiniuliza "uko kwa nani?" ninaweza kumtaja. Polisi wa Leta, wa hiyo serikali yao, akinikuta njiani, hana la kuniambia. Na katika maisha yangu yote sijawahi kujichukia kama ninavyojichukia leo.

Mimi ni mchinjaji. Baba alikuwa mchinjaji, na babu pia, tangu zamani za misafara. Kule Kasongo ng'ombe walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka milima ya mashariki, wanapitia Kabambare, wanafika kwetu mifupa imechomoza, wachungaji wenyewe wamechoka kuliko ng'ombe. Bucha ilikuwa ya muzungu mmoja mzee, asiye na maneno mengi. Kisu kilikuwa changu. Mkristo alikuwa ananunua nyama yake anakwenda zake. Muislamu alikuwa hafungui hata pindo la nguo alimofunga pesa kabla hajauliza: nani amechinja? Mtu wa bucha anajibu: Shabani. Basi, yamekwisha, wanapima.

Sikuwa tajiri, lakini jina langu lilikuwa linauza nyama. Nililipenda sana jambo hilo, sifichi. Nilikuwa napita mbele ya msikiti nimenyoosha shingo.

Halafu ng'ombe wakaingiwa na ugonjwa. Daktari wa ng'ombe wa Leta akaja, akatazama midomo yao, akaandika, na njia ya mashariki ikafungwa. Ng'ombe hawapiti tena mpaka amri nyingine. Yule mzee alifunga mlango wa bucha, akanipa mkono, akasema rudi nyumbani ungoje. Ningoje nini? Hakusema. Nadhani hata yeye alikuwa hajui, maana baadaye kidogo alipakia sanduku zake akaondoka.

Mtu wa mjini asiye na kazi, Leta haimwachi akae. Kodi iko palepale. Na kama hana muzungu wa kumtaja, wanamrudisha katika kijiji cha ukoo wake, anapimiwa shamba la pamba, na kapita, msimamizi wa Leta, anakuja kukagua. Kaka yangu Idi alipimiwa shamba hilo. Siku moja kapita alikuta majani kati ya mistari, Idi akalazwa chini akachapwa kiboko mbele ya wakwe zake. Mbele ya mama mkwe wake! Tangu siku ile Idi haongei kwa sauti. Ukimwita anaitika polepole huku anatazama chini. Mimi nilikuwa naogopa hilo kuliko njaa. Zaina, mke wangu, alijua ninaogopa. Hakunitania hata mara moja, na yeye si mtu wa kuacha kutania.

Basi nikatafuta kazi.

Lo, sikujua watu wana mashauri mengi hivi! Ukiwa na kazi hakuna anayekwambia neno. Ukiikosa, hata kinyozi anakuwa mwalimu. Mmoja alisema vaa kanzu safi, muzungu anapenda usafi. Mwingine akasema usivae kanzu kabisa, muzungu akiona kanzu anakumbuka Waarabu. Vua kofia ukiwa bado mbali. Hapana, vua ukishafika, ukivua mbali atadhani una hatia. Sema unajua kila kazi. Sema hujui kitu ili akufundishe mwenyewe. Nilifuata yote, mengine kwa siku moja. Nilirudi nyumbani kofia imekunjwa mfukoni na kanzu mkononi, nimevaa shati la kuazima, na kazi hakuna.

Kwenye kiwanda cha pamba karani aliniuliza shule gani. Nikasema chuo cha Korani, nimehitimu. Akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, akaniambia hiyo si shule. Kwenye barabara, kapita wa makantonye, watu wa kutengeneza njia, alisema nafasi iko, lakini mikono mitupu haifungui mlango. Nikampelekea kuku jike wa Zaina, anayetaga. Kesho yake nilimkuta mpwa wake ameshika jembe langu. Kuku hakurudi.

Jirani yangu Petro ni seremala kwa mapadri. Mtu mwema, tumesaidiana tangu watoto wetu wadogo. Alikuja jioni moja akakaa, akazunguka weee na maneno ya mvua na mihogo, mwisho akasema: "Baba Zuhura, jiandikishe kwa katekista. Jina ni nguo tu. Utavaa lao mchana, nyumbani utavua."

Najua alikuwa ananihurumia. Watu wengi wa kwetu wamefanya hivyo, wamepata kazi, na watoto wao wanasoma. Lakini mimi nilisimama, nikamwambia siuzi dini yangu kwa suruali ya kaki. Nilisema kwa sauti, majirani wasikie. Petro aliinamisha kichwa akaenda zake. Zaina aliniambia baadaye kwamba nilimwaibisha mtu aliyekuja na moyo mweupe. Nikamwambia anyamaze. Akaendelea kukaanga maandazi yake ya kuuza. Wakati huo tulikuwa tunakula kwa maandazi hayo.

Basi hapo ndipo neno la Ramazani lilipofika. Lililetwa na mchuuzi mmoja wa vitenge anayezunguka huku na huku. Ramazani ni kaka wa Zaina, mwashi wa kujenga nyumba za kambi hii ya mgodi. Alisema njoo Wamaza upesi. Kuna muzungu mwindaji anayeuza nyama ya mbogo kwa wafanyakazi, na nusu ya kambi ni Waislamu, hawamnunulii kwa sababu mnyama anakufa kwa risasi bila kisu. Kwetu nyama ya namna hiyo ni kibudu, ni mzoga tu, hata ikiwa na mafuta namna gani. Muzungu anatafuta mtu wa kukimbia na kisu, amuwahi mnyama kabla roho haijatoka.

Zaina alilia kwa furaha. Na mimi nililia, lakini nilitoka nje kwanza.

Nilikuja kwa miguu. Nikafika nimevimba nyayo, Ramazani akanipeleka kwa Bwana Ndevu siku ileile. Jina lake la kwao silijui. Kambi nzima wanamwita hivyo kwa ajili ya ndevu zake nyekundu. Alinitazama, akatazama kisu changu, akajaribu makali yake kwa kidole gumba. Akasema haya. Kwa siku zile za kwanza niliona Mungu amenikumbuka.

Kazi yenyewe inatisha, nisiseme uongo. Bunduki inalia, mbogo anaanguka, na wewe ndiye wa kwanza kumkimbilia, wakati wapagazi wote wako juu ya miti. Lazima uwahi. Jicho lake linakutazama, miguu bado inapiga majani. Unamgeuza kichwa kwa pembe, unasoma bismillahi, unakata, na damu inaruka moto mpaka kifuani. Mara moja mbogo aliinuka nikiwa nimemshika. Bwana Ndevu akapiga tena, mimi nikakata. Usiku ule sikulala vizuri, lakini nilikuwa na amani. Kazi yangu niliifanya kama alivyoifanya baba.

Na furaha ya watu! Meza ya nyama iko chini ya paa la manyasi karibu na magazini, ghala ya mgodi. Wanawake walikuja na vikapu, wakaulizana, wakaniuliza. Nani amechinja? Mimi, Shabani wa Kasongo. Wakapiga vigelegele. Kikongwe mmoja wa kabila la Wabangubangu, aliyesilimu siku nyingi, alinishika mkono akaubusu. Mimi nikanyoosha shingo yangu tena kama zamani. Nikampa mchuuzi wa vitenge ujumbe kwa Zaina: funga mizigo, njoo na watoto.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumatatu nilikuwa na homa. Bwana Ndevu aliondoka bila mimi, akavuka mto mpaka mbuga ya ng'ambo. Jana yake jioni nilimwomba aningoje siku moja tu nipone. Akasema bunduki haina homa. Wapagazi walirudi Jumanne jua linazama, wamebeba mbogo wawili kwenye miti mabegani. Nilikwenda kuwatazama nikiwa nimejifunika blanketi. Miguu ilikuwa imekakamaa, tumbo limeanza kuvimba, ulimi umetoka mkavu. Walikuwa wamekufa tangu asubuhi.

Bwana Ndevu akaniambia: "Kata shingo. Kesho unasimama mezani."

Nikasema: "Bwana, hawa wamekwisha kufa."

Akacheka. Akasema basi ni kazi rahisi, hawatakupiga pembe. Nilipobaki nimesimama, aliacha kucheka. Akasema karatasi yangu ya kukaa hapa inatoka mkononi kwake. Wiki ijayo anakwenda Kabambare kwa Bwana Administrateri. Anaweza kwenda na habari kwamba nina kazi, au anaweza kwenda na habari kwamba kuna mtu wa pamba amejificha kambini kwake. Alisema taratibu kabisa, huku anafuta bunduki yake kwa kitambaa.

Nilimwona Idi. Nilimwona amelala chini.

Nikakata. Kisu kiliingia shingoni kama kwenye ugali uliopoa. Hakuna damu iliyoruka, yalitoka tu maji meusi kidogo. Mdomo wangu haukutamka kitu. Nilishindwa kulitaja jina la Mungu pale, na sijui kama huko kushindwa kutahesabiwa kwangu kuwa heri au kutaniongezea dhambi. Nilijaribu kujitetea moyoni. Labda risasi ni kama mkuki, na mkuki ukirushwa kwa jina la Mungu nyama inafaa. Lakini nani aliyelitaja jina la Mungu? Bwana Ndevu, ambaye akiamka asubuhi hutukana kabla ya kunawa uso?

Jana, Jumatano, nilisimama mezani.

Walikuja wengi kuliko siku zote, maana habari ilikuwa imekwenda mpaka vijiji vya kandokando. Mama mmoja alifika wa kwanza, mtoto mgongoni. Akaniuliza: nani amechinja? Nikasema: mimi. Neno lilitoka jepesi, nikashangaa. Wa pili akauliza. Mimi. Wa tatu. Mimi. Yule kikongwe wa Kibangubangu akauliza kwa sauti kubwa kama mtu aliyesimama mbele ya kadhi, na mimi nikamjibu kwa sauti kubwa. Mzee anayesalisha kambini alikuja mwenyewe. Akanitazama machoni, akauliza. Nikajibu. Akanunua ini.

Nilimkumbuka Petro. Nilikataa kubadili jina ili niende kuranda mbao, kazi halali ya mikono, tena nikamfokea. Na sasa nimelitumia jina hilohilo kuwalisha watu mzoga. Petro angejua, asingenicheka. Hilo ndilo linaniuma.

Ramazani alinunua nyama ya paja. Mke wake, Mama Asha, aliipika kwa mawese na pilipili, nyumba nzima ikanukia. Nikasema homa imerudi, siwezi kula. Nikalala nimeelekea ukutani, nikawasikiliza watoto wao wanagombania mifupa. Walikuwa wanacheka. Mmoja alisema, baba, mwambie mume wa shangazi achinje kila siku.

Leo asubuhi mvua ikinyesha, Mama Asha alinipashia sehemu yangu aliyoniwekea. Akaiweka mbele yangu na ugali wa muhogo, akasema kula, mtu wa homa anahitaji nguvu. Nikaitazama ile sahani. Nikamwomba aniache kidogo na mume wake. Alipotoka nikamwambia Ramazani yote. Nilisema haraka bila kupumua: mto, wapagazi, miguu iliyokakamaa, maji meusi. Nikamwambia nimekulisha kibudu wewe na watoto wako, nipige, nifukuze, nenda ukawaambie watu.

Hakushtuka.

Alimega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa sahani yangu, akala. Akatafuna mpaka akamaliza. Ndipo akasema: "Shemeji, ile nyama ilipita hapa mbele ya mulango. Miguu imenyooka kama miti ya kujengea. Kambi yote iliona. Unafikiri sisi iko vipofu?"

Mwanzo sikuelewa. Nikamuuliza, sasa kama muliona, mbona jana muliuliza mmoja mmoja?

"Tuliuliza ili utujibu," akasema. Halafu akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, jambo ambalo tulifundishwa chuoni sote wawili, tumekaa kwenye mkeka mmoja. Muislamu akiuliza juu ya nyama, na Muislamu mwenzake mwenye kisu akamjibu kwamba ni halali, muulizaji amemaliza wajibu wake. Hapaswi kwenda kuchungulia. Kama kuna uongo, dhambi yote iko kwenye shingo ya aliyejibu. Kila Muislamu anajua hilo. Mimi pia nalijua. Nimelijua maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri siku moja linaweza kutumiwa hivi.

Akasema walikula muhogo na maharagi tangu mwanzo wa kiangazi. Watoto walianza kuchimba panya. Wale waliobatizwa walikuwa wanakula mbogo nyumba ya pili, na harufu inaingia ndani. Watu wazima wakakaa, pamoja na yule mzee anayesalisha, wakazungumza. Walijua Bwana Ndevu hatamngoja mchinjaji kila siku. Walijua siku moja mbogo atafika amekufa, na siku hiyo nyama haitatupwa. Walitaka mtu mwenye kisu na jina, asimame pale ajibu.

Nikamwambia, ukamchagua mume wa dada yako.

"Nilichagua mutu asiye na kazi," akasema Ramazani. "Mwenye kazi angekataa."

Alisema hivyo bila ukali. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami nikaona haya kwa niaba yake, halafu nikaona haya kwa niaba yangu. Akaongeza kwamba alinihurumia pia, kwamba Zaina alikuwa akimletea maneno ya shida zetu, na kwamba yote mawili ni kweli, kunihurumia na kunitumia. Naamini. Nimekaa na Ramazani miaka mingi, hawezi kusema uongo mbele ya chakula.

Nikamwambia kesho nitasimama mezani niseme kweli mbele ya wote.

Akatikisa kichwa. "Utamwambia nani, shemeji? Kila mutu anajua. Ukisema kwa mudomo, ndipo watakuwa wamekula dhambi. Watakuchukia wewe, hawatamchukia muzungu." Akasukuma sahani upande wangu, akachukua jani la mgomba kujifunika kichwa, akatoka kwenda kutazama matofali yake yasiyeyuke.

Nimekaa na sahani hiyo tangu asubuhi. Mafuta yameganda juu. Mama Asha amepita mara mbili, akaitazama, akaendelea na kazi zake. Sasa najua na yeye anajua.

Nina hasira, sijui nimwelekezee nani. Namkasirikia Bwana Ndevu, lakini yeye si mtu wa dini yetu, na hakuniahidi kitu. Namkasirikia mzee anayesalisha, aliyenitazama machoni akanunua ini. Kikongwe aliyenibusu mkono, ah, kumbe alikuwa anaubusu kwa ajili ya siku hii. Na nilikuwa nimenyoosha shingo! Pumbavu mimi. Nilidhani wamelipenda jina langu kumbe walikuwa wamepata mahali pa kutua mzigo.

Kuna wakati leo mchana nilifikiri: basi, kama ndiyo kazi, ni kazi. Kuna wanaobeba tipoye, kile kiti cha muzungu, begani mpaka nyama ya bega inakufa. Kuna wanaoshuka shimoni hawapandi. Mimi nimepewa kubeba hili. Watoto kambini wananenepa. Huenda Mungu ataangalia matumbo yao kabla hajaangalia kisu changu. Nilifikiri hivyo kwa muda mfupi, nikapata nafuu. Halafu nafuu ikatoka.

Ningekuwa mtu wa kutoa mashauri kwa anayetafuta kazi, kama wale wote walionishauri mimi Kasongo, ningemwambia neno moja tu. Usiulize mshahara, usiulize posho. Uliza kwa nini wamekuita wewe. Lakini mwenye njaa haulizi hivyo. Mimi sikuuliza. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Kukataa nimekufikiria. Nirudi Kasongo, polisi anikute njiani bila karatasi. Au nijipeleke mwenyewe kijijini, nipimiwe pamba kando ya Idi, tuwe wawili tunaoitika tukitazama chini. Nimejiuliza kama ninaweza. Leo jibu ni hapana. Ninaliandika hapa kwa kuwa ni kweli: leo, hapana.

Kwa hiyo kesho, mvua ikikatika, nitakwenda. Bwana Ndevu amekwisha kusema kuna mitego ng'ambo ya mto, na atakachokikuta huko kitaletwa hivyohivyo. Nitasimama mezani, watakuja na vikapu vyao, wataniuliza mmoja mmoja na mimi nitawajibu. Sitamlaumu hata mmoja. Wamenieleza kazi yangu, hata kama wamechelewa kunieleza.

Lakini Zaina yuko njiani.

Mchuuzi wa vitenge amepita leo akikimbia mvua, amesema aliwaacha yeye na watoto wamelala kwa watu njiani, wanangoja maji ya kijito yapungue. Zuhura amebeba sufuria kichwani, mdogo yuko mgongoni kwa mama. Wanakuja kwa baba aliyepata kazi. Siku ya kwanza nitaleta nyama, nitawezaje kutoleta, mchinjaji mzima? Zaina ataipokea. Na kabla hajaitia chunguni ataniuliza, kama anavyouliza kila nyama inayoingia nyumbani kwake, hata ile niliyoichinja mbele ya macho yake.

Hapa kambini wananiuliza ili wasijue. Zaina ataniuliza kwa sababu anataka kujua.

Nimejaribu hapa barazani kulisema lile neno, mimi, polepole, nikimfikiria yeye amesimama mbele yangu na kile kisu chake kidogo cha jikoni. Jana nilijibu mpaka sikuhesabu tena, na ulimi haukukwama. Leo nimejaribu mara nyingi, mvua inapiga paa, hakuna anayenisikia, na halitoki.